Mrejesho: faili la binamu yangu Minneapolis limepatikana

Habari zenu wakuu. Wiki mbili zilizopita niliuliza namna ya kupata rekodi ya kesi ya binamu yangu, aliyeshtakiwa kwa kosa kubwa la jinai kaunti ya Hennepin (ndiko uliko mji wa Minneapolis), jimbo la Minnesota, Marekani. Wakili wake wa uhamiaji aliitaka. Kwenye tovuti ya mahakama za jimbo nilitafuta jina mpaka nikachoka, patupu. Kumbe kesi isiyoishia kwenye hatia haitokei kwa jina mtandaoni, lazima uwe na namba yake, na mashtaka ya binamu yangu yalifutwa! Aliyenishauri niende mahakamani mwenyewe, Mungu akuzidishie. Kuna kompyuta za wananchi, kuangalia ni bure. Nikaandika jina, hiyo hapo. Nakala yenye muhuri nikailipia dirishani. Wakili anayo tangu jana.