Ticha kasema tuchague dizaina mmoja wa kumsoma, nianzie wapi?

bango_la_A2

Habari zenu wakuu. Mimi nasoma dizaini hapa Dar, niko mwaka wa pili, ticha katupa kazi: chagua dizaina au mtaalamu wa herufi mmoja, soma kazi zake, halafu tengeneza bango lako la A2 (ukubwa wa karatasi nne za A4) linaloonyesha umechota nini kwake, na kasisitiza sio kumuiga. Sasa hapo ndo nimekwama. Darasa zima limekimbilia majina yaleyale, huyu Paul Rand, yule Vignelli, na naona kabisa siku ya kubandika ukutani mabango yote yatakuwa mekundu na meusi na fonti ya Helvetica, kubwa, imelazwa upande. Nikiingia Pinterest nasevu picha mpaka simu inalalamika, zote kali, ila nikikaa mbele ya karatasi kichwa cheupe. Alafu nyingi ni kazi za Uswisi huko, mabango ya Müller-Brockmann ya matamasha ya Beethoven miaka ya 1950, mimi oda ninazopata ni kadi za sendofu na kipaimara, wapi na wapi jamani?? Mnamchaguaje mtu wa kumsoma, na mkishamchagua mnamsomaje? Muda umebana, msinicheke.

fundi_wa_plet

Hakuna wa kukucheka, wengi tumepita hapo. Kinachokusumbua ni kwamba Pinterest unaona kazi imeshakamilika, hujui mteja alikuwa anahangaika na nini, karatasi ilikuwa ipi, mashine ipi, bajeti ipi, kwaiyo unabaki kuchukua rangi na fonti tu maana ndo vinavyoonekana. Mimi nafanya kazi ya uchapaji kwaiyo nitakupa mtu ninayemwelewa, Matthew Carter. Muingereza, babake Harry Carter naye alikuwa mtu wa historia ya uchapaji, na kijana kabla ya kwenda chuo kikuu akapelekwa Uholanzi, kwenye kampuni ya Enschedé mjini Haarlem, kujifunza kuchonga herufi kwenye chuma kwa mkono, hiyo ni katikati ya miaka ya 1950 wakati kazi yenyewe ilishaanza kufa.

Sasa sikia. Marekani kampuni ya simu ya AT&T walikuwa wanachapa vile vitabu vinene vya namba za simu, na herufi waliyokuwa wanatumia, Bell Gothic ya 1938, ilitengenezwa enzi za kupanga herufi za madini ya risasi. Mitambo ikabadilika, wakahamia kupanga kwa skrini na kuchapa ofseti kwa spidi kubwa, herufi zikaanza kukatika vijiti, mtu anasoma 3 kumbe 8, anapiga simu kwa asiyemjua. Wakamwita Carter, akawatengenezea Bell Centennial, ikatoka 1978. Nenda kaitafute halafu uikuze mpaka herufi moja ijae skrini, angalia M au K au N, kwenye kila kona ambapo vijiti viwili vinakutana amekata pengo linaingia ndani, yaani herufi inaonekana kama imeliwa na panya. Mbaya kweli! Lakini ile herufi haikutengenezwa uione hivyo. Imetengenezwa kwa saizi ya pointi 6, yaani ndogo mno, kwenye karatasi ya hovyo inayonyonya wino, na wino ukisambaa unaenda kujaza lile pengo, kona inatoka safi. Yule jamaa alichora kosa la mashine ndani ya herufi kabla mashine haijalifanya, nukta moja moja kwenye karatasi ya miraba.

Sasa niambie hiyo iko mbali na wewe kivipi. Ukileta kipeperushi chenye fonti nyembamba nyeupe juu ya rangi nyeusi, tukikichapa kwenye karatasi ya bei ya chini, matundu ya e na a yanaziba yote, na lawama anabeba fundi.

layauti_254

Niaje watu wa Dar. Carter yuko sawa lakini mimi ningekuambia uende na Margaret Calvert, kwanza kwa sababu darasani kwenu hakuna atakayemchukua, pili amezaliwa Durban, Afrika Kusini, mwaka 1936, baadaye ndio akaenda Uingereza akiwa msichana. Alikuwa mwanafunzi Chelsea, mwalimu wake Jock Kinneir akapata kazi ya vibao vya uwanja wa ndege wa Gatwick akamwita amsaidie, alafu kutoka hapo wakapewa barabara za nchi nzima. Imagini uko chuo, ticha anakuambia njoo tupange vibao vya nchi.

Wakati huo vibao vya Uingereza vilikuwa vurugu, kila mahali staili yake, maneno mengi kwa herufi kubwa tupu. Wao walianza na dereva: gari inaenda mbio, mvua inanyesha, huyu mtu ana sekunde chache, anahitaji kuona nini? Wakachora fonti inaitwa Transport, wakatumia herufi kubwa mwanzo na ndogo zinazofuata kwa sababu jina la mji likiandikwa hivyo linapata umbo, lina milima na mabonde, unalitambua hata kabla hujalisoma. Walifanya majaribio kwenye uwanja wa ndege, watu wamekaa, gari inakuja kwao imebeba kibao juu. Na zile nafasi ndani ya kibao hazikukisiwa kwa macho, zinapimwa kwa unene wa kijiti cha herufi yenyewe, ndio maana kibao kikiwa kidogo ama kikubwa kinakaa sawa. Vikaanza rasmi Januari 1965 na mpaka leo viko barabarani.

Kile cha watoto wanavuka ndicho nakipenda zaidi. Cha zamani kilikuwa na mvulana amevaa kofia ya shule anamuongoza msichana, kinakaa kama tangazo la shule za watoto wa mabwanyenye, yeye akakigeuza, msichana ndiye anamshika mvulana mkono, na akajichora mwenyewe kutoka kwa picha yake ya utotoni. Yaani mtu amejiweka kwa barabara za nchi nzima na hakuna dereva anajua ni yeye.

gridi_na_kahawa

Wote mmeongea vizuri ila mnampeleka kijana kwenye watu watulivu, mimi namletea mtu aliyegombana, tena aligombana na yeye mwenyewe. Jan Tschichold. Mjerumani, kazaliwa Leipzig 1902, baba yake alikuwa mchoraji wa vibao vya herufi, kama hawa mafundi wetu wanaoandika maduka na nyuma ya malori, kwaiyo alikua ndani ya rangi na brashi. Mwaka 1928, umri wake hata 30 bado, akatoa kitabu akitangaza kwamba mpangilio wa kila kitu katikati ufe, herufi zenye vikia (vile vijistari vidogo kwenye ncha za herufi) zife, tutumie zile zisizo na mapambo, nafasi tupu iwe na kazi, karatasi iwe na vipimo maalumu. Dizaina vijana wakamfuata. 1933 Wanazi wameingia madarakani wakamkamata, kazi akapoteza, alipotoka akakimbilia Uswisi na familia yake.

Na huko ndo wengi wanaacha kumsoma, wanachukua mabango yake ya ujana basi. Baadaye alirudi kwenye herufi zenye vikia na kurasa zilizopangwa katikati, akasema ule ukali wake wa zamani wa kumlazimisha kila mtu staili moja ulikuwa unafanana na mambo ya haohao waliomfukuza. Max Bill, dizaina wa Uswisi, alimshambulia vibaya mno kwa hilo. Yeye hakujali, mwaka 1947 akaenda London kwenye vitabu vya Penguin, vile vya bei nafuu, akakaa hadi 1949, akawaandikia wapangaji kurasa nne tu za kanuni: nafasi kati ya maneno iwe ndogo, nukta isifuatwe na pengo kubwa, herufi kubwa zikipangwa pamoja zitenganishwe kidogo. Vitu vya kuchosha kabisa kuvisikia, ila shika kitabu chochote cha Penguin cha miaka ile uone ukurasa ulivyotulia.

Na hapa nakuchokonoa mwanafunzi wetu. Panga aya ya Kiswahili kwenye safu nyembamba, inyooshe pande zote mbili, uone maneno yetu yalivyo marefu, "wanaotutegemea", "hayajakamilishwa", mapengo yanatiririka katikati ya aya juu mpaka chini. Programu nayo ikikata neno inalikata kama la Kiingereza, inakuachia "nd" mwisho wa mstari na "ugu" chini. Au iandike ng'ombe kwenye kichwa cha habari, ile alama ya juu programu nyingine zinaiweka imegeuka kama alama ya kufungulia maneno, na ukiwa na fonti kubwa inaacha tundu kati ya g na o unaweza kupitisha kidole. Tschichold angelia. Hilo bango lako lingekuwa hilo tu, ng'ombe mmoja aliyepangwa vizuri, mimi ningekupa A.

binti_mvita

Nimesoma hadi hapa nikangoja labda kuna atakayemtaja mtu wa huku, hola. Basi mimi namtaja, Saki Mafundikwa wa Zimbabwe. Kasoma Yale, kafanya kazi New York, akarudi kwao akaanzisha chuo cha dizaini Harare mwaka 1999, ZIVA, na 2004 akatoa kitabu Afrikan Alphabets, mle kuna maandishi ya Vai ya Liberia, Nsibidi ya Nijeria, na yale ya mfalme Njoya wa Bamum kule Kameruni aliyetunga mwandiko wa watu wake na kuurekebisha mara kadhaa. Mtu akikwambia Afrika hatuna historia ya herufi mfungulie hicho.

Na tena, mwanangu, kanga unaipita kila siku. Pindo pembezoni, mji katikati, jina yaani yale maneno, mpango huo haubadiliki na bado hakuna zinazofanana. Jina linakaa sehemu yake chini ya mji, herufi kubwa, mstari mmoja, lazima lisomeke hata kwa mtu anayetembea nyuma ya aliyeivaa. Huku Mombasa kanga za Kaderdina Hajee Essak zina "Mali ya Abdulla" pembeni miaka na miaka, hiyo ni chapa ya biashara imekaa ndani ya dizaini bila kuharibu kitu. Hayo mambo ya gridi, ile mistari ya kupangia vitu kwenye ukurasa, mnayoyatafuta Uswisi bibi yangu amejifunga kiunoni.

fundi_wa_plet

Binti Mvita hapo umenena, na Mafundikwa nilipaswa kuwa wa kwanza kumtaja. Ombi langu moja tu, asije akachukua ua la kanga akalibandika nyuma ya bango akasema tayari ni la Kiafrika, wateja wanafanya hivyo kila siku tumechoka. Achukue ule mpango, pindo na mji na jina, aone mstari mmoja wa maneno unavyobeba kitambaa kizima.

bango_la_A2

Aisee nashukuruni sana, sikutegemea. Calvert nilitaka kumchukua nikasikia dada mmoja wa darasani keshamuandika kwenye orodha, labda yuko humu humu anasoma haha. Nimeamua Carter. Wazo langu nitapanga majina na namba za mafundi wa mtaani, wa feni, wa friji, wa cherehani, namba za kubuni lakini, kwa herufi ndogo kama kitabu cha simu, mara mbili: upande mmoja fonti ya kawaida ya kompyuta, upande wa pili herufi nitakazozichora mwenyewe na yale mapengo kwenye kona, nichape kwenye karatasi mbaya watu waone tofauti. Swali, stationari hapa jirani hawana ofseti, wana fotokopi tu na printa ya leza. Wino wa unga hausambai kama ule wa ofseti, mapengo si yatabaki yanaonekana?

fundi_wa_plet

Leza haisambai kweli, yatabaki. Fanya hivi, chukua kopi, utoe kopi ya hiyo kopi, halafu ya hiyo tena, ongeza weusi kila mara kwenye mashine, herufi zinanenepa na kona zinaziba zenyewe, ukifika ya tano au ya sita utaona fonti ya kawaida imeshakuwa madoa. Ila usianze kuchora mapengo yako kwa kukisia. Kwanza chapa fonti ya kawaida peke yake uone mashine ya hapo jirani inaziba wapi na kwa kiasi gani, ndo ukate kwa kipimo hicho. Na namba anza na 3, 6, 8 na 9, hizo ndizo zinazouana. Mwenye stationari muombe ile mashine ya zamani iliyoko nyuma, wakikuwekea mpya itakutolea kopi safi mno.