Mrejesho: pikapu iliyokosa nguvu mlimani

Wadau, asanteni. Niliuliza kama chujio la hewa la koni (lile la wazi, lisilo na boksi) lingeipa pikapu yangu ya dizeli nguvu ya kupanda kutoka Mai Mahiu na mzigo wa viazi. Sikulinunua. Fundi wangu hapa Kirinyaga Road, Nairobi, alisema likikaa wazi kando ya injini litavuta hewa ya moto, ambayo ina oksijeni haba. Chujio la zamani tulipoligonga chini lilimwaga vumbi jekundu kama unga wa wimbi. Lakini mchawi hasa alikuwa paipu ya mpira itokayo kwenye tabo (turbo, kifaa kinachosukuma hewa ndani ya injini): ina ufa chini ya kibanio, mafuta meusi yameuzunguka. Tumeweka mpya, na chujio la kawaida. Moshi mweusi umeisha, mlima napanda na gia ya nne. Ulaji wa dizeli bado sijaupima.