Naombeni ushauri: mbio za fiksi bila breki, zimebaki wiki 6

Wakuu, habari za mchana. Nipo Kirumba, Mwanza, baiskeli za gia nimeendesha miaka mingi. Washikaji wamenivuta kwenye mbio za fiksi, zile baiskeli za gia moja ambazo pedeli zimeungana na tairi la nyuma: mzunguko unafungwa, breki marufuku. Yangu ni meno 48 mbele, 16 nyuma. Juzi nimeshuka nayo mteremko wa Bugando, pedeli zikanizidi kasi, mguu ukachomoka, nikaishia kwenye beseni la mama muuza ndizi. Nianzie wapi?

Jino la Nyuma: Bugando bila breki? Una watoto wewe? Funga breki ya mbele leo hii. Utaitoa siku ya mbio, ndani ya mzunguko, ambako hakuna Hiace wala bodaboda. Halafu fiksi haina kupumzisha miguu: tairi likizunguka, pedeli nazo zinazunguka, kwa hiyo kupunguza mwendo ni kuzikaidi pedeli taratibu, si kuzisimamisha ghafla. Weka na mikanda ya miguu.

mzee wa cheni: Hapo kwenye 48 kwa 16 ndipo penye shida. Inagawanyika kamili, mara 3. Ukikaza miguu tairi la nyuma likaburuzika, na kila mara mguu uleule uko mbele, linalika sehemu moja tu. Weka 17 nyuma, utapata sehemu 17 za kulika, na miguu itakuwa na nguvu zaidi ya kukaidi. Angalia pia ile pete inayoshikilia jino la nyuma, yaani ile gia yenyewe ya nyuma. Inakazwa kinyume, kuelekea kushoto. Ikilegea, jino linafunguka pale unapokaidi pedeli, yaani unapoihitaji kuliko wakati wote.

Dada Pasiansi: Hamjamwambia kona. Huwezi kusimamisha pedeli kwenye kona, ukilala sana ya ndani inagonga lami na wewe unaruka. Mikono ya pedeli iliyo mifupi, ya milimita 165, inasaidia. Jumapili alfajiri tafuta eneo tupu, zunguka makopo mawili, kasi ipande kidogo kidogo.

Jino la Nyuma: Sikiliza huyo. Mbio za Red Hook kule Brooklyn, zilizoanza 2008, watu walikuwa wanaangushana hapohapo kwenye kona.

Mwenye uzi: Nimegeuza tairi la nyuma: kweli, kiraka kimoja kimelika mpaka nyuzi zinaonekana. Breki nimefunga, jino la 17 fundi ananitafutia. Yule mama nimempelekea hela ya ndizi. Kapokea, kainama kuangalia tairi la mbele, ndipo akanijibu salamu.