Madam wa kuandika habari kanipa sifuri ya tatu, nikomae au nihame kozi?

Binti_Tandika

Wakuu habari za saa hizi, wakubwa shikamooni.

Niko mwaka wa pili uandishi wa habari, chuo kimoja hapa hapa Dar, jina naliweka pembeni nisije nikajichomea mwenyewe. Semista hii tuna somo la kuandika habari, anafundisha madam mmoja ambaye kabla ya kuwa lecha alikaa miaka mingi chumba cha habari, na asee yule mama hana mchezo. Kila wiki habari moja, dedilaini Ijumaa saa kumi jioni, ukipeleka saa kumi na dakika mbili anaipokea vizuri tu, anakushukuru kabisa, alafu anakuandikia sifuri huku unamwangalia.

Kingine, chini ya habari lazima uweke namba za simu za wote uliowahoji. Tulijua ni geresha, kumbe anapiga kweli! Sifuri yangu ya kwanza ilitokea hapo. Nilimhoji mama muuza uji sokoni Tandika anaitwa Mwanahamisi, mimi nikaandika Mwanaidi, madam kampigia "naongea na Mwanaidi?" mama wa watu kajibu umekosea namba, kakata simu. Basi, imeisha hiyo. Jina likikosewa hasomi kinachofuata.

Sifuri ya pili ni ya kuchelewa, hiyo sina la kusema, foleni ya Mandela mnaijua.

Ya tatu ndo imeniuma. Juzi tuliambiwa kila mtu alete habari ya bei ya kitu kinacholiwa. Nikaenda Feri soko la samaki kama saa nne asubuhi, nikakuta watu wanalalamika vibua vimepanda, nikahoji wateja wawili, nikaja nikaandika nimetulia, nikafungua na "Bei ya samaki jijini Dar es Salaam imepanda kutokana na hali ngumu ya uchumi inayowakabili wananchi mbalimbali". Karatasi imerudi wino mwekundu mtupu. Kapigia mstari "samaki" kaandika WEPI? Kapigia "imepanda" kaandika KUTOKA NGAPI? TANGU LINI? Pale kwenye hali ngumu ya uchumi kaandika NANI KAKWAMBIA? Hiyo nani kakwambia nimeihesabu iko mara nne kwenye ukurasa mmoja. Na "mbalimbali" kaikata mistari miwili kama anachinja kuku.

Jamani uchumi mgumu nao mpaka nitafute mtu wa kuniambia? Shoga yangu yuko chuo kingine anapata A kwa kukopi taarifa za maafisa habari, mimi bumu (hela ya mkopo wa chuo) linaishia kwenye bodaboda na sapu, mtihani wa marudio, inaninyemelea. Anasema habari ya Feri naweza kuirudia nikipenda, siku nne. Nikomae au nihamie uhusiano wa umma nipumue?

KitengeBluu

Hama dada angu, hama mapema. Nimefanya hiyo kazi miaka mitatu kama korespondenti wa kulipwa kwa stori, ukitoa nauli na bando unabaki na sifa tu. Kinachowaweka watu mjini ni ile "nauli" waandishi wanayopewa na waandaaji wa mikutano, na huyo madam wako najua atakuwa anawaambia msipokee hata soda. Sasa yeye ana mshahara. Uhusiano wa umma una ofisi ina kiyoyozi, unawaandikia wenzio taarifa wanakopi, kama huyo shoga yako anavyokopi.

Mzee_wa_Kizimbani

Binti pole, ila usihame kwanza. Mimi naandika habari za mahakamani, Kisutu pale ni kama nyumbani, na lecha wangu alikuwa wa aina hiyo hiyo. Sio huyo wako, wa kwangu alikuwa mwanaume na alikuwa anashusha pumzi kabla hajakurudishia karatasi, ukiisikia ile pumzi tu unajua umeliwa.

Mara ya kwanza tumepelekwa Kisutu tukakuta kesi ya mauaji, mshtakiwa kapandishwa kizimbani, kasomewa shtaka, hakimu kasema maneno mawili matatu, jamaa hakufungua mdomo, kesi ikaahirishwa, dakika saba nane tumemaliza. Mimi nikaenda kuandika "mshtakiwa aligoma kujibu". Nikaona nimepata bonge la stori, mtu kamgomea hakimu! Nikala sifuri, na chini kaandika "kamuulize karani kwa nini hakujibu". Nikarudi naona aibu, karani kanicheka mpaka kavua miwani. Kesi ya mauaji inasikilizwa Mahakama Kuu, pale Kisutu anasomewa tu, hatakiwi kujibu kitu maana mahakama ile haina mamlaka ya kuisikiliza. Yaani mtu kanyamaza kwa sababu kaambiwa anyamaze, mimi nimemfanya mkaidi. Ingetoka gazetini mama yake akasoma je? Na mimi nilikuwepo pale, nimeona kwa macho yangu haya, sio kwamba nilihadithiwa. Macho yaliniambia uongo.

Ule mstari ambao wasomaji wanauruka kwenye habari za korti, "mshtakiwa hakutakiwa kujibu chochote kwa kuwa mahakama hiyo haina mamlaka ya kusikiliza kesi hiyo", mimi nauandika kwa heshima zote mpaka leo.

KitengeBluu kuhusu posho sikupingi, hali ni hiyo. Ila uongo mbaya, ukishaweka bahasha mfukoni hata swali huulizi, unarudi na karatasi yao, kesho magazeti matano habari ni moja na zote zinaanza "Wananchi wametakiwa".

KitengeBluu

Hahaha hapo kwenye wananchi wametakiwa umenipata mzee. Nimeziandika hizo mpaka vidole vimeota sugu. "Wananchi wameaswa" pia.

Jirani_wa_Kimara

Hiyo ya jina sio roho mbaya ya madam. Marekani kuna chuo kinaitwa Northwestern University, shule yao ya uandishi inaitwa Medill, wanafunzi wa kule wana msamiati wao kabisa "Medill F", ukikosea ukweli kwenye habari hata kama ni herufi tu za jina la mtu unalamba F. Kwaio umeliwa kimataifa.

Alafu kuna kitu nilijifunza kwa lecha kama huyo, kinahusu namba. Jumamosi ile ya tarehe 16 Novemba 2024 ghorofa limeporomoka Kariakoo, kila mtu darasani kwetu alikuwa kashaweka stetasi ya Wasap idadi ya waliokufa, na kila mmoja ana yake. Jumatatu lecha kaingia hajafoka wala nini, katuambia kila mtu afungue stetasi yake aandike ubaoni namba aliyoweka, saa aliyoweka, na jina la aliyempa. Safu ya namba ilijaa. Ya saa ikajaa. Ya majina ilikuwa nyeupe peeee, isipokuwa mmoja kaandika "binamu". Baadae idadi rasmi yenyewe ilikuwa inapanda siku hadi siku maana uokoaji ulikuwa unaendelea, ndo tukaelewa kwa nini gazetini wanaandika "hadi jana saa kumi jioni". Namba ya vifo bila saa yake ni kama samaki bila barafu, jioni imeshaoza.

Kalamu_Kavu

Mimi naenda kwenye swali lenyewe maana mmemzunguka mtoto.

Binti, habari yako ya Feri ilikuwa mbovu, nakwambia kama kaka yako. Umefika saa nne, mnada umeisha kitambo, umehoji wateja wawili ambao wanajua bei tu, hawajui sababu. Aliyekwambia uchumi ni nani? Ni wewe mwenyewe, umeutoa nyumbani umeenda nao Feri umerudi nao. Nenda alfajiri, mtafute dalali, mtafute anayenunua ndoo nzima, sio anayenunua wa elfu tatu. Uliza bei ya leo, ya wiki iliyopita, na kwa kipimo kile kile, maana ndoo na kilo na fungu ni vitu vitatu tofauti.

Na usiogope kudai vitu kwa maandishi. Sisi chuoni tuliandikishwa barua kila mmoja ya kuomba taarifa ofisi ya umma, kwa Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016, ukiomba taarifa wanatakiwa wakujibu ndani ya siku 30. Mimi nikaomba gharama za mtaro mmoja mtaani kwetu, nikapeleka kwenye ofisi husika, dada wa masjala hataki kunigongea muhuri kwenye kopi yangu, anasema acha tu tutakupigia. Nimekaa kwenye benchi kuanzia saa tatu mpaka saa saba na nusu ndo kagonga. Jibu lilikuja semista imeisha, na halikuwa na gharama yoyote ndani zaidi ya kunishukuru kwa uzalendo wangu. Lakini ile kopi yenye muhuri na tarehe ndo ilinipa maksi, nikaandika habari kwamba nimeomba tarehe fulani na mpaka naandika sijajibiwa. Hiyo nayo ni habari. Kabla ya hapo nilikuwa najua habari ni mpaka mtu aongee.

Binti_Tandika

Nimerudi jamani, shikamoo Mzee wa Kizimbani, asante kaka Kalamu japo umenisema.

Leo nimeamka saa tisa na nusu usiku, bodaboda kanitoza kama ananipeleka Bagamoyo. Nimefika Feri bado giza. Kumbe mimi siku ile nilienda kuangalia soko la jana! Alfajiri ni kitu kingine kabisa, watu wamebeba ndoo kichwani wanakimbia wanapiga kelele "maji ya moto maji ya moto" ili upishe na hakuna maji ya moto yoyote, sakafu inateleza, viatu vyangu vya raba vimekwisha. Dalali kasimama katikati ana daftari lililolowa, anataja sitini, sabini, themanini, mtu anainua kidole tu, ndoo imeondoka. Nimekaa pembeni naandika kila bei inavyopita, kijana mmoja wa kupara samaki kaniuliza wewe ni mtu wa mapato nini.

Ndoo ya vibua imeenda mpaka laki na ishirini. Nikamsubiri dalali mpaka katulia, nikamuuliza hivi kwa nini vibua vimepanda, ni uchumi? Kaniangalia, kamwita mwenzie, "njoo usikie huyu mtoto anauliza". Alafu kanyanyua mkono akaonyesha juu. Mwezi. Ulikuwa bado upo, mkubwa, unaelekea kuzama upande wa mjini. Kasema mwanangu hii ni mbalamwezi, boti za ringi, zile za nyavu za kuzungushia samaki, zinavua kwa taa, samaki wanafuata mwanga wa taa gizani, sasa mwezi ukiwaka hivi bahari nzima ni nyeupe, taa yako itamuita nani? Boti nyingi zimelala. Ngoja giza liingie, utakuja hapa uone ndoo inavyoshuka. Hata wiki mbili nyuma anasema ndoo hiyo hiyo ilikuwa elfu sabini.

Nimesimama pale nikakumbuka intro yangu ya hali ngumu ya uchumi nikataka kulia na kucheka. Wateja walikuwa na haki kulalamika, bei imepanda kweli, ila mimi sababu niliitunga na nikaiandika kwa kujiamini kabisa.

Nimeandika upya nimempelekea madam mchana. Mwanamke mkaanga samaki niliyemhoji nimemuandikisha jina lake mwenyewe kwa mkono wake kwenye daftari langu. Madam kasoma palepale mimi nimesimama, hajacheka hajanuna, kanipa kumi na moja kwenye ishirini. Nilivyofurahi! Nikatoka nje ndo naangalia vizuri, kule chini kwenye mambo ya mwezi kapigia mstari kaandika NANI KAKWAMBIA? Nikarudi mbio, madam si dalali kaniambia, jina lake hilo hapo na namba yake. Kaniuliza, "Dalali anavua?"

Nikakosa jibu. Kaniambia dalali anafaidika bei ikiwa juu, inawezekana kasema kweli na inawezekana katetea kazi yake, wewe umejuaje? Tafuta mtu ambaye boti yake imelala. Mpaka Ijumaa.

Kwaio kuhama tuliweke kiporo kwanza. Kuna mtu anamjua nahodha au hata mvuvi wa kawaida wa boti ya ringi? Asiwe dalali tafadhali.

KitengeBluu

Yaani kumi na moja ndo unafurahi hivyo? Wameshakuharibu tayari. Nenda Kunduchi pwani, kwetu kule, usihangaike na Feri maana Feri kila mtu atakwambia yeye ni nahodha.

Kalamu_Kavu

Nenda jioni baada ya alasiri, tafuta wanaokaa chini ya miti wanashona nyavu. Usianze na swali, kaa kwanza, salimia wazee, ukipewa kahawa kunywa (hiyo sio bahasha, usije ukamkatalia mzee kahawa kisa madam). Na uwahi kesho keshokutwa, mbalamwezi ikiisha ukienda utakuta watoto na mbwa, wenyewe wako baharini.