Kunyonywa mafuta tumboni: nizingatie nini?

Binti wa Tanga: Ndugu zangu, tangu nijifungue tumbo halijarudi, nami nafikiria upasuaji wa kunyonya mafuta. Naomba ushauri kabla sijalipa.

Muuguzi: Dada, upasuaji huu hurekebisha umbo tu, hauondoi mafuta yanayozunguka viungo vya ndani, wala haukazi ngozi iliyolegea. Uliza yatatolewa lita ngapi, kwa maana zikizidi 5 hatari huongezeka na hupaswi kurudi nyumbani siku hiyohiyo. Ninachokiogopa zaidi ni damu kuganda miguuni kisha kupanda mapafuni.

Baba Rehema: Hakikisha daktari amesajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika, na mtaalamu wa usingizi yupo. Asiyekuuliza dawa unazotumia, mkimbie.

Binti wa Tanga: Bado nanyonyesha.

Muuguzi: Basi subiri kwanza, mama, umwachishe mtoto na uzito utulie.