Peptidi kwenye uso wa GaAs: milivolti zinayumba halafu zinapotea, tatizo liko wapi?

Chembechembe
Wakuu, salaam. Niko hapa Dar, nina vipande vya GaAs (galiamu aseniki, semikondakta), uso wa (100), aina ya n, yaani yenye elektroni za ziada. Lengo ni kushusha nishati ya kung'oa elektroni kwa kupandikiza peptidi (mnyororo wa asidi amino) ya heliksi, iliyojizungusha kama springi, yenye asidi amino 16. Sisteini, asidi amino yenye salfa ya kushika uso, iko mwisho wa C (mnyororo una ncha mbili, N na C). Nasafisha kwa asetoni, natia kwenye HCl (asidi hidrokloriki) na maji nusu kwa nusu dakika 1, nasuuza, nakausha, kisha naloweka usiku kucha kwenye ethanoli yenye peptidi milimoli 1 kwa lita. Probu ya Kelvin (kifaa kinachopima volti ya uso bila kuugusa) leo inasoma kushuka milivolti 150, kipande kingine 30, kesho yake karibu sifuri. Kwa hesabu ya dipoli (chanya upande mmoja wa molekuli, hasi upande wa pili) nilitarajia volti nzima nzima. Naombeni mwongozo, natanguliza shukrani.

Bendi_Pinde
Tuanze na hesabu, mkuu. Kila asidi amino kwenye heliksi huchangia takriban debai 3.5 (debai ni kipimo cha dipoli), kwa hiyo 16 ni debai 56. Molekuli 1 kwa nanomita ya mraba, debai 1 ikisimama wima, ni volti 0.38. Zidisha uone: volti 21! Huwezi kuipata. Dipoli zilizobanana hudhoofishana, heliksi nyingi hulala badala ya kusimama, na zilizonata bila kushikwa na sisteini hugeuka kichwa mkiani na kufuta kazi ya wenzake. Milivolti 100 hadi mia chache ni matokeo mazuri tu.

Mwelekeo wako uko sawa. Ncha ya N ndiyo chanya, na ikitazama nje nishati inashuka. Lakini agiza na pacha wake, sisteini ikiwa mwisho wa N. Huyo anapaswa kupandisha. Zote mbili zikishusha, ujue unapima salfa au uchafu, heliksi haihusiki. Ncha iliyo huru ifungwe (asetili kwa N, amaidi kwa C), vinginevyo chaji ya ncha itaimeza dipoli.

Jambo ambalo wengi hulipuuza: GaAs ina mitego mingi ya elektroni usoni, na bendi zake (ngazi za nishati za elektroni) zimepinda karibu na uso hata kabla hujaweka kitu. Milivolti unazosoma ni jumla ya mambo mawili, dipoli na kubadilika kwa huo mpindo. Soma gizani kwanza, kisha washa taa kali yenye nishati inayozidi pengo la bendi, yaani eV (elektroni-volti) 1.42. Taa hunyoosha bendi. Tofauti ya giza na mwanga inakuambia kuhusu mpindo, na usomaji wa kwenye mwanga, ukilinganisha na kipande kisicho na peptidi, unakaribia kukupa dipoli yenyewe. Bila hilo utabishana na namba usizojua zimetoka wapi.

Maji_ya_Betri
Hapo kwenye "nakausha" ndipo kosa lilipo. Oksaidi huanza kurudi mara tu kipande kinapokutana na hewa, na salfa haishiki vizuri juu yake. Toa kwenye asidi, suuza kwa maji yaliyotolewa oksijeni, kisha tumbukiza kwenye peptidi kikiwa bado kibichi. Ethanoli yenyewe ipuliziwe nitrojeni dakika 30. Chupa ijae, ifungwe, ifunikwe foili, maana mwanga huharakisha kuoza kwa GaAs palipo na oksijeni.

Milimoli 1 ni kutupa hela. 0.1 inatosha kwa saa 18 hadi 24. Angalia pia cheti cha peptidi: nyingi huja kama chumvi ya trifluoroasetati, na kati ya miligramu 5 za chupani, peptidi halisi inaweza kuwa robo tatu tu. Ukiona fluorini kwenye XPS (kipimo cha eksirei kinachoonyesha elementi za usoni), imetokea huko.

Chembechembe
Asante sana. Sisteini zikijifunga mbili mbili nitumie DTT (kemikali ya kuzitenganisha)? Na nitrojeni ya mtungi ni bei, arigoni ya mafundi wa kuchomelea inafaa?

Maji_ya_Betri
DTT hapana kabisa. Nayo ina thayoli (salfa yenye hidrojeni, kama ya sisteini), itawahi uso kabla ya peptidi yako. Tumia TCEP, inayotenganisha pia ila haina thayoli, uwiano sawa na peptidi au zaidi kidogo, na uandae kipande cha kulinganishia kilicholowekwa kwenye TCEP bila peptidi. Arigoni inafaa, pitisha kwanza kwenye silika jeli kavu.

Uso_kwa_Uso
Kupotea kesho yake: unyevu wa Dar unapita asilimia 70 mara nyingi, na tabaka la maji usoni huvuruga probu. Pimia ndani ya kasha lenye gesi kavu, subiri namba itulie, na soma dhahabu ya rejea kabla na baada ya kila kipande. Dhahabu ikihama, tupilia mbali usomaji huo. Nyuma ya kipande kwaruza, paka galiamu-indiamu, ndipo ubane kwenye shaba. Rangi ya kupaka yenye madini ya fedha peke yake huweka kizuizi kwenye GaAs ya aina ya n na namba zitacheza.

Halafu ile HCl na maji ya kwanza ya kusuuzia vina aseniki. Visimwagwe sinki. Chupa ya plastiki yenye lebo, na utaratibu wa NEMC (baraza la mazingira la taifa) wa taka hatarishi.

Bendi_Pinde
Ukirudia, weka hapa namba za giza na za mwanga za vipande vyote, hasa kile cha TCEP tupu.