Tupeane uzoefu: Kemia ya oganiki ya advansi ilikukamatia wapi?

Mleta uzi: Wakuu, dogo yuko kidato cha sita, PCB (Fizikia, Kemia, Baiolojia). Jana kaniletea swali: toka ethanoli, fika asidi ya propanoiki. Jasho likanitoka. Nyie oganiki iliwakamatia wapi?

Msuli wa Usiku: Kaboni mbili zinatakiwa tatu hapo. Ethanoli iwe bromoethani, weka KCN (sianidi ya potasiamu) upate naitraili yenye kaboni tatu, chemsha na asidi. Kaboni ikiongezeka moja, waza sianidi kwanza.

Binti CBG: Mimi SN1 na SN2, zile njia mbili za kung'oa kitu kwenye kaboni na kuweka kingine. Nilimeza tu, hadi mwalimu alipochora kaboni yenye bromini imezingirwa na methili tatu, akauliza, "Haya, nyukliofaili, yaani mgeni anayekuja kushika kaboni, apite wapi?" Kwa nyuma kumeziba, lazima bromini iondoke kwanza. SN1 hiyo. Dogo achore, asimeze.

Babu Kemia: Kumeza kunatosha. Kanuni ya Markovnikov, ukiunga HBr au HCl kwenye kaboni zenye bondi mbili: kaboni yenye hidrojeni nyingi huongezewa hidrojeni. Ukiona peroksaidi, geuza. Kwisha.

Binti CBG: Kwisha wapi, babu? Ni HBr peke yake. HCl hata uimwagie peroksaidi ndoo nzima haigeuki. Mnapoteza watoto wa watu.

Babu Kemia: Sisi pepa ilileta HBr. Hasira za nini?

Vidole Vyeusi: Acheni ugomvi niwape kisa. Praktiko ya Tollens, kile kipimo cha aldehaidi ambacho fedha hutanda kama kioo ndani ya chupa, silva naitreti ikanidondokea vidoleni. Siku ile sikuona kitu. Kesho yake ncha zote nyeusi tii! Sabuni haitoi, stiliwaya haitoi. Shule ikafungwa, nikapanda basi hivyo hivyo. Bibi kuniona tu akanitengea sahani yangu peke yangu, jioni kamwita mzee wa dawa. Nikafukizwa chini ya blanketi huku nikieleza habari za aldehaidi, nani anisikilize? Ngozi ilipojichubua rangi ikaisha yenyewe, mzee akabeba sifa na jogoo.

Msuli wa Usiku: Hahaha, jogoo kaenda bure!

Binti CBG: Ila kioo kilitoka?

Vidole Vyeusi: Kiling'aa kama cha saluni, dada. Benchi la jirani walikuwa na ketoni, ambayo haitoi kioo, wakapasha mpaka kengele ikalia.

Mleta uzi: Turudi kwa dogo jamani. Asidi kali ya salfa kwenye ethanoli, mbona mara etha mara ethini (ethene)?

Msuli wa Usiku: Joto tu. Nyuzi 140 na ethanoli ya ziada, etha. 170 kwenda juu, ethini.

Babu Kemia: Ahamie HKL (Historia, Kiswahili, Kiingereza).

Mpita Njia: HKL nimesoma mimi. Msitulete dharau.